Picha Bila Miguu

Jumamosi, 6 Septemba 2025

Kikao cha klabu, chumba cha nyuma cha duka la Amne, Kanyenye, Tabora. Tulikuwa saba. Vikombe vinne.

Habari kubwa! Klabu yetu ya wapiga picha wa kujifurahisha itachapisha kalenda ya mwaka 2026. Picha kumi na mbili za ndani, moja ya jalada. Mada: watu wa njia ya zamani ya misafara, walivyo leo. Mwenyekiti wetu, Mwalimu Asnath, alifundisha jiografia miaka thelathini na bado anatuona darasa la pili. Akasoma masharti. Picha za miembe ya njia ya Ujiji ni marufuku. Anazo arobaini na moja na zote zinafanana. Picha isiwe ya kupanga. Yeyote anaweza kuleta, hata asiye mwanachama. Mtu ambaye sura yake inaonekana lazima atoe idhini kwa maandishi. Mwisho wa kupokea ni Jumamosi tarehe 20, saa nne asubuhi, na saa nne kwake ni saa nne.

Nikaliona jalada papo hapo. Jina langu chini, herufi nene: GERSON SHILINDE. Limetundikwa ukutani Urambo, nyumbani kwa mama mkwe wangu, Bi Kabula, juu ya redio yake. Mwanamke huyo ametangazia kijiji kizima kwamba binti yake Levina aliolewa na mwanamume anayeshinda akichungulia kwenye kopo. Kamera yangu ni kopo! Miaka kumi na moja nimelimeza neno hilo. Sitaki Juni. Sitaki Desemba. Nataka jalada.

Kikwazo ni Anton. Anauza dawa za binadamu, anapiga picha kwa simu, na kila anachopiga kinasifiwa. Leo aliichukua picha yangu ya mama muuza karanga, akaigeuza huku na huku, akauliza kama huyu mama anaelea. Eti nimemkata miguu. Eti watu wangu wote hawana miguu. Wakacheka mpaka Amne akachungulia kujua kulikoni. Nikamjibu Anton kwamba roho ya mtu iko usoni. Akasema sawa, ila sokoni roho hiyo haikwenda kwa uso.

Wivu tu.

Jumapili, 7 Septemba

Baada ya ibada nilikwenda kuvizia wauza asali wanaotoka porini na baiskeli zao. Niliwapata wawili, madumu yamefungwa nyuma kwa mipira. Nikawaomba wayatue, wajitwike kichwani, watembee kama wapagazi wa zamani. (Huku si kupanga. Huku ni kuelekeza.) Mmoja akauliza baiskeli zifanye nini wakati huo. Nikasema zijifiche kichakani. Wakatazamana. Mwenzake akaniambia kwa upole kwamba babu yake alibeba mizigo kichwani kutoka hapa mpaka pwani, na usia aliowaachia wanawe ulikuwa mmoja: nunueni baiskeli.

Wakapiga kengele, wakaenda zao. Nikapiga picha ya vumbi lao. Nimeiita "Msafara Unaendelea". Ni vumbi tu, lakini halihitaji idhini ya mtu.

Jioni Levina akaanza tena habari za bani. Mwaka jana nilimwahidi mama yake kwamba nitaezeka upya paa la bani lake la kukaushia tumbaku. Nyasi zimeoza, mvua zinakaribia, na bani lenye paa bovu ni tumbaku iliyooza. Nayajua yote hayo. Nilikuwa nafungua mdomo kusema sina nafasi, mara nikapata wazo.

Urambo! Stesheni! Reli ilifuata njia ile ile ya misafara. Anton hajawahi kufika stesheni ya Urambo.

Nikamwambia Levina kwamba Jumanne nakwenda kuezeka. Akanipa kipande kikubwa cha kuku. Nilijisikia vibaya kidogo. Nilikimaliza.

Jumanne, 9 Septemba

SIKU YANGU!

Nimechukua ruhusa shuleni (mimi ni mtunza stoo, madaftari yanaweza kujitunza siku moja). Nimevaa buti mpya za njano. Viatu vyangu vya kahawia vinajulikana Urambo nzima, na sikutaka taarifa zifike ukweni kabla yangu.

Kwa faida ya watakaosoma shajara hii makumbushoni, nieleze. Kwetu Wanyamwezi mama mkwe hatazamwi. Vijana wa siku hizi wanakula naye meza moja na kupiga naye soga, lakini Bi Kabula ni wa zamani na mimi nina heshima zangu. Nikifika kwake nasimama nje ya ua, napaza sauti, shikamoo mama. Yeye anajibu marahaba kutoka ndani, kisha anaagiza mgeni aletewe chakula. Tukikutana njiani, mimi naingia porini kushoto, yeye kulia. Siku ya harusi alijifunika khanga mpaka kidevuni. Hivyo namfahamu kwa miguu tu: viatu vya plastiki vya buluu, cha kushoto kimeshonwa kwa waya mwekundu. Naye ananifahamu kwa viatu vya kahawia. Ndoa imedumu.

Nilipanga kupiga picha mpaka saa sita, kisha nikaezeke. Saa sita ikapita.

Saa nane hivi, stesheni, kwenye benchi la zege, palikaa bibi mmoja mwenye mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, mapajani. Uso! Mikunjo kama njia za ng'ombe, meno matatu yanayojitegemea, na jua lile linaingia ubavuni. Nikamwamkia. Akaitika, akainamisha kichwa kidogo kama anayesikiliza kitu, kisha akanitazama machoni moja kwa moja. Akaniuliza natoka wapi. Nikasema Igunga. (Tahadhari. Urambo maneno yana miguu.) Akasema ohoo, Igunga, karibu sana, kaa hapa.

Nikakaa. Akanipa michembe. Nikala, nikapiga picha, nikala tena. Sauti yake ilinitia njaa, sijui kwa nini.

Akaanza kunisimulia habari za mkwewe. Ana mkwe Tabora, alisema, mtu mzima na mvi zake, aliyeahidi kumwezekea bani tangu mwaka jana. Mwaka mzima! Akauliza kwetu Igunga mkwe wa namna hiyo anafanywaje. Nikasema kwetu angetozwa mbuzi. Akauliza je, kama mkwe mwenyewe ana moyo mzuri ila ni mvivu? Nikasema moyo mzuri hauzuii mvua. Akaninukuu kwa sauti: moyo mzuri hauzuii mvua! Akaangua kicheko, akajipiga paja, kichwa nyuma, meno yote matatu juani. Nikabonyeza.

Nimeipata. Nimepiga picha miaka kumi na moja na sijawahi kupata kama hii. Jalada.

Kuhusu bani: giza liliingia. Nimemwambia Levina kwamba nyasi hazikupatikana.

Jumatano, 10 Septemba

Naandika nikiwa chooni. Mlango nimeubana kwa ndoo.

Mchana ulifika mfuko wa michembe kutoka kwa mama mkwe, umeletwa na basi. Nusu mfuko. Salamu zilisema nusu nyingine kapewa mpita njia mmoja mwenye njaa. Sikujiuliza lolote. Nilikuwa nawaza jalada.

Wakati wa chakula nikamwonyesha Levina picha. Akaweka tonge chini. Akauliza nimempata wapi Mama.

Nikauliza Mama gani.

Mama, akasema. Mama yangu. Bi Kabula.

Nikaifunika kamera kwa kitambaa cha kupangusia masufuria. Nikasimama, nikakaa, nikasimama. Nimemtazama mama mkwe usoni! Nimekaa naye benchi moja! Nimekula kutoka mkononi mwake na kumshauri anitoze mbuzi! Na nisingeingia mkenge huu kama ningetazama chini mara moja tu, nikaona waya mwekundu. Picha thelathini na sita nimepiga pale. Hakuna hata moja yenye miguu.

Levina alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akaacha ghafla. Akauliza saa nane mchana nilikuwa stesheni nafanya nini, na nyasi nilizitafuta saa ngapi.

Hapo ndipo nilipokuja chooni.

Alhamisi, 11 Septemba

Niifute? Kidole kimekaa juu ya kitufe cha kufutia robo saa nzima. Siwezi. Siyo kwa sababu ya jalada peke yake. Mama huyu amenipikia miaka kumi na tisa na leo ndiyo nimejua kwamba anacheka hivi.

Lakini bila idhini yake Mwalimu Asnath haipokei. Na mimi nitamwombaje idhini mtu nisiyeruhusiwa kumwona, kwa picha inayothibitisha kwamba nimemwona?

Levina akampigia simu. Mimi nilisubiri uani, kwa adabu, sikio dirishani. Majibu: Bi Kabula anasema mkwewe hajafika Urambo mwaka huu, kwa hiyo hawezi kuwa amempiga picha. Anamjua mpiga picha mmoja tu, mtu wa Igunga, mstaarabu, mlaji. Ila mkwewe akitaka kitu chochote kwake, basi siku mkwe atakayopanda juu ya paa la bani ndiyo siku yeye mama atatia saini chochote.

HANIKUMBUKI! Hajanitambua! Nimeokoka.

Levina akasema hadhani nimeelewa. Nikamwambia nimeelewa vizuri sana.

Jumamosi, 13 Septemba

Tatizo: kuezeka ni kazi ya siku tatu na mgongo wangu si wa jana. Suluhisho nimelipata kwenye kamera yangu mwenyewe. Jumanne nilipiga mabani kama ishirini nikipita. Mojawapo limeezekwa juzijuzi, nyasi mpya, rangi ya dhahabu, zimekatwa sawasawa. Nani anayetofautisha bani na bani? Yote ni tope na moshi.

Nimeituma kwa simu ya Bi Kabula pamoja na maneno haya: Mama, shikamoo, kazi imekwisha, nilikuja alfajiri nikaondoka kimya kimya kwa heshima. Levina sikumhusisha. Ana moyo mwepesi.

Klabuni Anton kaonyesha picha ya seremala wa Kanyenye aliyelala juu ya kitanda anachokiuza. Miguu imetokeza mbele, mikubwa, ina vumbi. Watu wakashangilia. Nikatabasamu kama mtu mwenye jalada mfukoni.

Jumapili, 14 Septemba

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu imechukua saa kumi na sita.

Bi Kabula haoni vizuri kwenye simu, kwa hiyo picha zote humpelekea jirani yake, Plasidi, amsomee. Plasidi akaitazama. Akaomba kuitazama tena. Ni bani lake! Kaliezeka mwezi wa nane na wanawe, na kuku wake mwekundu amesimama mlangoni. Akatoka mbio akidhani ameibiwa bani. Akalikuta.

Bi Kabula ametuma salamu kupitia kwa Levina. Anamshukuru mkwewe kwa kumwezekea Plasidi, na anauliza lake litafuata lini. Levina hakucheka. Alisema mama yake analima tumbaku peke yake tangu baba afariki, kwamba majani yakilowa msimu huu hana kingine, na kwamba ameshachoka kunitetea kwa simu. Akasema sikio la kufa halisikii dawa. Akaenda kulala saa moja jioni bila kuniaga.

Nimekaa sebuleni peke yangu. Nimeona aibu, naandika hivyo hivyo: aibu. Kesho naomba ruhusa. Jumatano nakwenda kweli.

Jumatano, 17 Septemba

Naandika kwa mkono wa kushoto, nimelala kwa ubavu, Urambo, chumba cha wageni. Nieleze kwa utaratibu.

Tulifika asubuhi, mimi na Levina. Nikapaza sauti nje ya ua. Marahaba ikajibu kutoka ndani. Sauti ile ile ya benchini! Nikasikia njaa. Plasidi akaja kusaidia, mtu mwema, hana kinyongo, ingawa kila mara aliniuliza kama nina hakika hili ndilo bani lenyewe. Wao chini wakawa wananirushia matita ya nyasi, mimi juu nikifunga kwa kamba. Mpaka saa tano nilikuwa nimemaliza upande mmoja. Naapa. Upande mzima! Bi Kabula alikuwa humo humo ndani ya bani, anapanga fito za kuning'inizia majani. Mimi juu, yeye chini, paa katikati. Heshima haikuguswa.

Kamera nilikuwa nayo shingoni. Kwa dharura.

Saa tano na nusu Plasidi akasimama chini na tita kichwani. Mpagazi kamili! Hakuna aliyempanga, kajitwika mwenyewe! Nikainua kamera. Na hapa historia inishuhudie: nikamkumbuka Anton. Kwa mara ya kwanza maishani nikasema safari hii naweka miguu. Miguu ya Plasidi haikuingia. Nikarudi nyuma hatua moja. Haikuingia. Nikarudi nyuma hatua nyingine, nikafika upande ambao sijauezeka.

Nyasi zilizooza hazitoi hata mlio. Nilizama mpaka kwapani. Mikono, kichwa na kamera juu juani. Miguu ndani ya bani, inaning'inia, inatafuta pa kukanyaga.

Halafu kutoka chini yangu nikasikia kicheko. Nakijua kicheko hicho. Nina picha yake.

Nikapaza sauti, shikamoo mama. Akaitika marahaba. Nikamsikia anamwita Levina alete simu yake upesi, na kumuuliza inabonyezwa wapi. Sikutilia maanani. Nilidhani anaita msaada.

Ijumaa, 19 Septemba

Nyumbani Tabora. Kifundo cha mguu kimevimba, mbavu zinauma nikicheka, ila sina cha kuchekea.

Lakini! Levina ameleta idhini. Bi Kabula ametia saini, mwandiko mzuri kuliko wangu. Alisema paa nililipanda, kushuka ni habari nyingine. Ahadi ni ahadi. Picha nimeshaichapa kwa Amne, kubwa, karatasi ya kung'aa. Amne alisimama nayo muda mrefu, akasema bibi huyu angemfurahisha hata mtoza ushuru. Tundu nitakwenda kuliziba. Wiki zijazo.

Kesho jalada.

Jumamosi, 20 Septemba

Nilifika saa tatu na nusu nikichechemea. Picha yangu ikapita mkono kwa mkono, ikaishia kwa Anton. Halafu Anton akasema kwa sauti ya chini kwamba hii ni picha. Aliposema hivyo nilisahau kumchukia.

Saa nne kasoro dakika tatu simu ya Mwalimu Asnath ikalia. Imeingia picha moja ya mwisho. Akavaa miwani. Akaivua, akaipangusa, akaivaa tena. Nilikuwa sijawahi kumwona mwalimu yule akicheka. Alilia machozi.

Ndani ya bani. Giza, fito zimepangwa safu kwa safu mpaka juu. Katikati, nguzo ya mwanga inashuka kutoka kwenye tundu la paa, imejaa vumbi la nyasi. Na ndani ya mwanga ule, miguu miwili inaning'inia, suruali imepanda mpaka magotini, buti za njano, moja imeelekea Kigoma na nyingine Dar es Salaam. Mpiga picha: Kabula, mkulima, Urambo. Jina la picha: "Mkwe Wangu Amefika".

Nikasimama. Nikapinga. Sikutoa idhini! Mwalimu Asnath akasoma sharti: mtu ambaye sura yake inaonekana. Akaniuliza kama naona sura yoyote hapo. Anton akasema kwa upole mkubwa kwamba roho ya mtu iko usoni.

Jalada ni lake kwa kura zote. Picha yangu imepewa Februari. Siku ishirini na nane.

Jumapili, 21 Septemba

Nimemwambia Levina kwamba mama yake amevunja mila. Kanitazama! Levina, ambaye ndiye aliyeituma, akasema mama kalifikiria hilo, akaona miguu si uso, na kwamba ndiyo sehemu pekee ya mkwewe anayoruhusiwa kuijua.

Halafu akaniambia jambo jingine. Mama alinitambua pale stesheni tangu shikamoo. Sauti ile anaisikia ng'ambo ya ua miaka kumi na tisa, angeikosaje? Alisema siku zote alikuwa na maneno yake kwa mkwewe na hakuwa na mlango wa kuyapitishia. Mtu wa Igunga akamletea mlango. Ndiyo maana alicheka vile.

Nimeitoa picha, nikaitazama tena. Kicheko kile ni changu. Nilidhani nimemvizia bibi mmoja asiyejua lolote, kumbe yeye ndiye aliyekuwa ananitazama. Nilifurahi. Nilifurahi sana, nikalazimika kutoka nje kidogo.

Salamu za mwisho kutoka Urambo: yule mtu wa Igunga akipita tena stesheni Jumanne, benchi lipo, michembe ipo, na kuna habari za ukuta wa jiko ambazo mkwewe hajaambiwa.

Nitakwenda! Kazini nitasema bibi yangu anaumwa. Tundu la bani litasubiri, kwanza mwanga wa saa nane. Nimeazima miwani myeusi na kofia pana, na nitakohoa kohoa. Safari hii hatanitambua ng'o.

Jioni nimefanya mazoezi kwa Levina, amesimama mlangoni, jua la ubavuni. Ameitazama, akasema nimemkata miguu tena. Bila shaka nimeikata! Mara moja tu nilijaribu kuiweka miguu, nusura nife. Na tuseme ukweli: nani anatazama miguu?